Maikrogrini za ndani bila udongo: kusoma dalili kabla ya kuimwaga trei

Trei ya maikrogrini (miche michanga ya mboga inayokatwa na kuliwa kabla haijakomaa) isiyo na udongo huharibika kwa kasi ambayo bustani haiijui. Udongo hushika maji na kuyaachia polepole, hubaki na nafasi za hewa hata baada ya kumwagiliwa, na huyapunguza makali ya chumvi iliyomo katika maji. Karatasi tatu za jikoni zilizolowekwa, kipande cha gunia la juti au tabaka la kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) lenye unene wa sentimita moja haviwezi kufanya kazi hiyo kwa kiasi cha kutegemewa. Ndiyo maana kosa lililofanyika jioni huonekana asubuhi, na ndiyo maana mtu aliyekuza mchicha kwenye ndoo kwa miaka mingi hujikuta ameshindwa na kisanduku kimoja cha figili.

Karibu kila dalili itakayoelezwa hapa chanzo chake ni mbegu, maji, hewa au mwanga. Ugumu ni kwamba sababu mbili tofauti huweza kuleta sura moja, na tiba ya sababu ya kwanza ikawa ndiyo inayozidisha ya pili. Anayeona miche imelala akaiongezea maji, kumbe imelala kwa sababu ya maji, anakuwa ameimaliza. Ninaandika kutoka jikoni kwenye ghorofa ya pili jijini Dar es Salaam, ambako mnamo Januari na Februari kipimajoto cha ukutani hupita nyuzi 30 mchana, ilhali miche hii hupendelea nyuzi 18 hadi 24. Msomaji wa Njombe, Arusha au Nairobi aongeze siku mbili tatu katika hesabu zangu za uotaji, hasa Juni na Julai.

Mbegu hazioti, au zinaota kwa mabaka

Kabla ya kulaumu kitu kingine chochote, pima mbegu. Hesabu mbegu 50, zitandaze juu ya karatasi yenye unyevu ndani ya kopo lenye kifuniko, liweke kopo kabatini, kisha uhesabu zilizoota baada ya siku tatu au nne kwa figili, haradali, kabichi na sukuma wiki. Zikiota chini ya 40, mbegu zimezeeka au zilihifadhiwa mahali penye joto na unyevu, na hakuna utunzaji utakaozifufua. Tena zile zisizoota hazikai bure kwenye trei, bali huoza na kuwa chakula cha ukungu utakaoshambulia zilizo hai.

Mbegu za duka la pembejeo zinahitaji tahadhari ya pekee. Niliwahi kununua kopo la mbegu za kabichi, nikazimwagia maji, na maji yakageuka rangi ya waridi mbele ya macho yangu. Rangi hiyo, na wakati mwingine ya kijani au ya buluu, huwekwa makusudi ili mnunuzi ajue kwamba mbegu zimepakwa dawa ya kuua kuvu. Dawa hiyo haina tatizo kwa mkulima atakayehamisha mche shambani na kuvuna kabichi baada ya miezi kadhaa; kwetu sisi tunaokula mche wenyewe ukiwa na siku nane, mbegu hizo hazifai kabisa, na kuziosha hakuzifanyi zifae. Uliza mbegu zisizotiwa dawa, na muuzaji asipokuwa na uhakika, usinunue. Kwa bahati nzuri uwatu, haradali na giligilani vya duka la viungo mara nyingi huota vizuri na bei yake ni nafuu. Giligilani tu ndiyo inayohitaji kazi kidogo: kila punje ni mbegu mbili ndani ya ganda moja, hivyo isage kwa upole chini ya chupa hadi punje zipasuke, na uwe tayari kusubiri wiki tatu.

Kuloweka nako kuna mipaka yake. Njegere na alizeti hulowekwa kwa saa 8 hadi 12. Katika joto la pwani, ukizisahau hadi saa 24 utakuta povu juu ya maji na harufu ya togwa iliyochacha, na hapo sehemu kubwa ya mbegu zimekwisha kufa kwa kukosa hewa. Mbegu ndogo hazihitaji kulowekwa. Mrihani, chia na kitani hazilowekwi hata kidogo, kwa kuwa hutoa ute unaozishikamanisha. Zitawanye zikiwa kavu juu ya tandiko (karatasi, juti au kokopiti inayobeba mbegu) lenye unyevu, na ukiona kila mbegu imejivika utando unaong'aa kama yai la chura, usidhani zimeoza, kwani hilo ndilo umbile lake.

Utando mweupe siku ya tatu

Hakuna dalili inayosababisha trei nyingi nzima kutupwa bila kosa kama hii. Mkuzaji anafunua trei siku ya tatu, anaona weupe kama pamba kuzunguka mizizi, na anahitimisha kwamba ni ukungu. Mara nyingi si ukungu, bali ni vinyweleo vya mizizi, ambavyo hutokeza kwa wingi pale mzizi unapotafuta maji katika hewa yenye unyevu, na kwa figili huwa vingi kiasi cha kumtia shaka hata mzoefu.

Chukua chupa ya kunyunyizia na upulize maji mara mbili tatu juu ya sehemu hiyo. Vinyweleo hulowa, hujilaza juu ya mzizi na kutoweka machoni, kisha hurudi vikikauka. Ukungu haupotei hivyo. Hukusanyika na kubaki kama uzi uliolowa. Angalia pia mahali weupe ulipo. Vinyweleo huzunguka kila mzizi kwa usawa, kama brashi ya kusafishia chupa, na havipandi kwenye shina. Ukungu huanzia sehemu moja, mara nyingi kwenye mbegu iliyopasuka au iliyokufa, kisha hutambaa kutoka mbegu hadi mbegu na kupanda shinani kama utando wa buibui, ukielekea rangi ya kijivu. Ukishindwa kuamua kwa macho, inama unuse: trei yenye afya hunukia kama mboga iliyokatwa, na yenye ukungu hunuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahaulika kikiwa kibichi.

Ukithibitisha kwamba ni ukungu, sababu ya kwanza ya kuchunguza ni wingi wa mbegu, kwa sababu miche iliyobanana huzuia hewa kufika kwenye tandiko. Kwa trei ya sentimita 25 kwa 50, gramu 30 hivi za figili zinatosha, na gramu 12 hadi 15 kwa mbegu ndogo kama za sukuma wiki, kabichi na haradali. Kwa kisanduku cha chakula cha sentimita 12 kwa 18, ambacho wengi wetu ndicho tunachoanza nacho, maana yake ni kijiko kimoja cha chai cha figili au nusu kijiko cha mbegu ndogo. Kiasi hicho huonekana kichache mno siku ya kupanda, na kishawishi cha kuongeza kidogo ni kikubwa, usiongeze.

Sababu ya pili ni hewa iliyotulia. Wakati wa masika, unyevu wa Dar es Salaam ukiwa juu na madirisha yamefungwa kuzuia mvua, feni ndogo inayozunguka kwa kasi ya chini saa chache kila siku huleta nafuu kuliko dawa yoyote, mradi ielekezwe ukutani ili hewa irudi kwenye trei kwa upole. Upepo wa moja kwa moja hukausha karatasi kabla mizizi haijashika. Sababu ya tatu ni kunyunyizia maji juu ya majani baada ya miche kusimama, jambo litakaloelezwa zaidi katika dalili inayofuata. Sababu ya nne ni uchafu uliobaki kutoka mazao yaliyopita: trei ioshwe kwa sabuni, isuguliwe pembeni palipo na mabaki ya mizizi, na ianikwe juani hadi ikauke kabisa.

Wapo wanaopulizia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile inayouzwa duka la dawa kwa ajili ya vidonda, kijiko kimoja cha chakula katika lita moja ya maji. Husaidia doa linapoanza, lakini haitibu msongamano wala hewa mbovu, kwa hiyo ukungu utarudi kesho kutwa. Binafsi ukungu ukishapanda kwenye mashina sitafuti kuokoa chochote. Mbegu za kijiko kimoja hazistahili kumhatarisha mtoto tumbo.

Miche imelala

Hapa ndipo maji yanapoua wengi. Miche ya kiu hulala yote kwa pamoja, majani yakiwa yamenywea, lakini mashina ni mazima toka juu hadi chini. Ukiiwekea maji kwa chini, baada ya saa moja au mbili husimama tena. Miche yenye kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche mchanga, hulala kwa kundi, kuanzia sehemu moja na kupanuka kama duara, na ukiuvuta mche mmoja taratibu utaona kwamba shina lake limenyong'onyea pale linapogusana na tandiko, limekuwa jembamba kama uzi na lenye rangi ya kahawia au la majimaji, ilhali majani juu bado ni ya kijani. Huo hausimami tena. Kinyausi huletwa na vimelea kama Pythium na Rhizoctonia, na Pythium hasa hustawi palipo na maji yaliyosimama. Kila maji anayoongezewa mgonjwa huyu ni msaada kwa adui yake.

Kinga yake ni namna ya kumwagilia. Tumia trei mbili, ya juu ikiwa na matundu yaliyotobolewa kwa msumari uliopashwa moto na ya chini ikiwa nzima. Mwaga maji kwenye ya chini, subiri dakika 15 hadi 20 ili tandiko linywe, kisha umwage yote yaliyobaki. Usiache hata utandu wa maji ukae usiku kucha. Kabla ya kumwagilia tena, inua trei kwa mikono miwili: uzito wake hukuambia ukweli kuliko sura ya juu, kwa maana karatasi huweza kuonekana kavu ilhali chini imejaa, na gunia la juti hufanya kinyume chake. Katika joto letu, karatasi huhitaji maji mara mbili kwa siku na kokopiti mara moja, lakini mikono ndiyo iamue, si saa.

Miche mirefu, myembamba na ya njano

Umanjano wa siku ya kufunua trei si ugonjwa. Miche iliyokaa gizani siku mbili au tatu chini ya kifuniko chenye uzito haijapata mwanga wa kutengeneza kijani, na itageuka ndani ya siku moja au mbili ikiwekwa mahali panapofaa. Tatizo ni pale inapobaki hafifu, ikirefuka na kuinama yote upande mmoja kama waumini katika safu, kwa kuwa hapo inatafuta mwanga ambao haupo.

Watu huona ajabu kwamba mtu anayeishi karibu na ikweta akose mwanga ndani ya nyumba. Jua letu hupita juu sana, hivyo mchana miale yake huangukia paa na kibaraza badala ya kuingia dirishani, na mita moja tu kutoka dirishani mwanga huwa umepungua kupita jicho linavyokadiria. Isitoshe, dirisha zuri hubadilika na majira. Dar es Salaam ipo takribani nyuzi 7 kusini mwa ikweta; mwezi Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini, na Desemba huegemea kusini, kwa hiyo dirisha la kaskazini lililokuza figili nono mwezi wa saba laweza kutoa miche dhaifu wakati wa Krismasi bila mkuzaji kubadilisha chochote. Taa ya LED ya mrija, nyeupe, ya kawaida, iliyoning'inizwa sentimita 15 hadi 20 juu ya miche kwa saa 12 hadi 14, humaliza suala hilo, na hakuna haja ya zile taa za zambarau zinazouzwa kwa bei ya kutisha. Umeme ukikatika jioni moja, mazao hayaharibiki.

Umanjano unaokuja mwishoni, baada ya majani halisi kuanza kuchomoza kati ya yale mawili ya mbegu, una maana nyingine: akiba ya chakula iliyokuwa ndani ya mbegu imekwisha, na karatasi haina cha kutoa. Usikimbilie mbolea. Vuna.

Kingo za majani zimeungua

Majani yenye kingo za kahawia, miche iliyodumaa na mizizi mifupi iliyogeuka rangi humwelekeza mkuzaji wa pwani kwenye chumvi kabla ya kitu kingine. Visima vingi vya Dar es Salaam hutoa maji yenye chumvi ambayo mwenye nyumba amekwisha kuyazoea kwa kufulia na kupigia deki, na hata maji yasiyoonekana kuwa na ladha kali hujikusanya, kwa kuwa kila yanapokauka kwenye karatasi huacha chumvi yake nyuma. Chemsha kijiko cha maji hayo hadi yakauke. Kikibaki kigaga cheupe kizito, tumia maji ya mvua au changanya nusu kwa nusu na maji ya bomba.

Chumvi pia huweza kuwemo ndani ya tandiko lenyewe. Kule Zanzibar, wanawake wanaosokota kamba hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukweni, bahari iyafunike na kuyafunua kwa miezi, kabla ya kuyaponda na kupata usumba, yaani nyuzi zake. Usumba wa namna hiyo ni imara kwa kamba lakini umeloa bahari. Yeyote anayetaka kuutumia kama tandiko, au anayetengeneza kokopiti yake mwenyewe kwa makumbi ya sokoni, auloweke kwa maji baridi, aukamue, na kurudia kwa siku mbili tatu hadi maji yanayotoka yawe karibu meupe na ulimi usikute chumvi. Klorini ya maji ya bomba, inayolaumiwa sana, mara chache huwa ndiyo sababu. Mwenye wasiwasi nayo ayaache maji kwenye ndoo wazi usiku mmoja.

Maganda yanayogoma, na wezi wa usiku

Alizeti hubaki na maganda vichwani ikiwa hewa ni kavu au haikuwekewa uzito wa kutosha wakati wa giza. Weka juu ya mbegu trei nyingine yenye uzito wa kilo mbili hadi nne, kwani msukumo huo ndio unaolivua ganda. Yaliyobaki yanyunyizie maji kidogo jioni na uyapanguse kwa kiganja asubuhi yakiwa laini.

Ukikuta mbegu zimepungua bila maelezo, hasa za mchicha na haradali, tazama kama kuna msafara wa sisimizi. Simamisha trei juu ya vikombe vinne vilivyowekwa ndani ya sahani za maji. Vijiinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa trei ni ishara kwamba tandiko halikauki kamwe kati ya maji na maji.

Utelezi na harufu baada ya kuvuna

Miche iliyovunwa vizuri ikawa na utelezi kesho yake iliingia kwenye jokofu ikiwa na maji. Acha kumwagilia saa chache kabla ya kuvuna, kata kwa mkasi safi sentimita moja au mbili juu ya tandiko, usioshe, panga ndani ya kopo lenye karatasi kavu, na weka kwenye nyuzi 4 hivi, osha unapokula. Siku tano hadi saba ni za kawaida kwa figili na sukuma wiki.

Kukata juu ya tandiko si suala la usafi wa macho tu. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, mlipuko mkubwa wa bakteria wa E. koli uliua watu zaidi ya 50, na uchunguzi uliufuata hadi kwenye machipukizi ya uwatu. Machipukizi huliwa pamoja na mbegu na mzizi wake vilivyokaa katika unyevu na joto. Maikrogrini huacha vyote hivyo kwenye trei, jambo linalopunguza hatari ingawa haliiondoi. Kwa mjamzito, mtoto mdogo au mgonjwa mwenye kinga dhaifu, ni busara kuipitisha miche kwenye sufuria yenye moto. Na miche ya nyanya, pilipili, biringanya na maharage isikuzwe kabisa kwa kuliwa, hata kama mbegu zake ndizo zilizo jikoni.

Dalili isiyoingia popote

Pale ambapo maelezo yote hapo juu hayafanani na unachokiona, panda visanduku viwili siku moja kwa mbegu ileile, ubadilishe jambo moja tu kati yake. Kwa wiki kadhaa figili zangu zilikuwa zikifa upande wa kushoto na kustawi upande wa kulia. Nilibadilisha mbegu, nikageuza taa, nikabadilisha maji, kila mara mambo mawili matatu kwa pamoja, nisijue lipi limefanya nini. Hatimaye nikaacha kisanduku kimoja mezani na kingine nikakiweka sakafuni. Cha sakafuni kiliota sawasawa kila upande. Mguu mmoja wa meza ulikuwa mfupi kwa unene wa kidole, na maji yote yalikuwa yakikimbilia kushoto. Kipande cha boksi kilichokunjwa mara nne bado kiko chini ya mguu huo.